Usimwite Madame kwa Sasa, Baba

Bunia, Jumapili baada ya ibada

Baba mpendwa,

Jambo sana. Kabla ya yote, goti lako la kushoto linaendeleaje? Kwenye simu unasema tu "Nguvu iko, nguvu iko," lakini dada Masika aliniambia pembeni kwamba ni majuma mawili sasa unasali ukiwa umeketi. Kama dawa ya kuchua imekwisha, mwambie huyu mzee wa kanisa aliyekuletea barua. Akirudi huku nitampa nyingine. Na macho je? Tafadhali vaa miwani yako, kaa kwenye kiti chako cha barazani, uisome barua hii mwenyewe. Usimpe Masika akusomee kwa sauti. Sababu utaiona huko mbele.

Sisi hapa Bunia tu wazima. Mvua imerudi, vumbi limegeuka matope, na wateja wangu wanaingia kibandani na viatu mkononi. Mke wangu, Mama Paluku, bado anauza maharage kutoka Marabo sokoni, na amenenepa kidogo, ingawa akijua nimekuandikia hivyo leo sitapewa chakula. Wavulana, Paluku na Kambale, wanapenda mpira kuliko sahani. Mimi nashona sare za shule tangu asubuhi mpaka jioni, mashati meupe na sketi za buluu, hata nikifumba macho naona buluu. Kazi ipo, mashine haijaniangusha, tunamshukuru Mungu.

Najua unajiuliza kwa nini nakuandikia wakati tunaongea kila Jumapili. Baba, unajua tunavyoongea. Simu inawekwa mezani, sauti inapandishwa, nyumba nzima inaizunguka, na wewe kabla hata hujanisalimu unamwita yeye: "Madame! Umefundisha nini wiki hii?" Wote tunacheka. Yeye pia anacheka. Ndiyo sababu nimeandika. Habari niliyo nayo inamhusu yeye, na siwezi kukwambia akiwa amesimama karibu yangu. Nimekwisha kuchana karatasi mbili kabla ya hii, kwa maana naogopa kukuumiza.

Ni hivi. Mjukuu wako ameacha kuandika shuleni.

Sikusema amekataa kwenda shule. Anakwenda. Anaamka kabla ya kaka zake, anavaa, anafika kwa wakati. Lakini hafanyi kazi. Mwalimu wake aliniita mwezi uliopita. Ni kijana anayeitwa Ngabu, mtu wa upande wa Bogoro, wazazi wake ni wafugaji wa tangu zamani hapa Ituri. Alinifungulia daftari la mahesabu juu ya meza. Tarehe imeandikwa kwa mwandiko mzuri. Kichwa cha somo kimepigiwa mstari kwa rula. Chini yake hakuna kitu. Ukurasa wa pili vivyo hivyo, wa tatu vivyo hivyo. Nilihesabu kurasa kumi na nne, na juu ya kila moja mwalimu ameandika kwa kalamu ya bic nyekundu "Non fait", kwamba hakufanya.

"Papa Madame," akaniambia, maana hata mimi hapa naitwa hivyo, "mutoto iko na akili. Nikimuulizaka kwa kinywa, anajibu mbele ya batoto wote. Lakini kuandika, hapana. Na miye siwezi kuweka points ya kinywa mu bulletin ya kuonyesha wazazi. Tukiendelea vile, mwaka huu atadoubler."

Baba, nilitoka pale masikio yakiwaka moto. Kurudia darasa! Mtoto mwenye jina la marehemu Mama!

Sasa usikie nilivyofanya, na usinihurumie. Kwanza nilipiga kelele juu ya kazi ya nyumbani. "Devoir iko wapi?" Akasema hawakupewa. Kesho yake nikauliza tena, akasema amemaliza palepale shuleni. Siku ya tatu daftari likawa limepotea, na mama yake akalikuta nyuma ya gunia la maharage. Halafu niliketi naye mezani mchana mzima baada ya shule, nikamsimamia kama askari. Akachonga kalamu yake ya risasi. Akaandika tarehe, akachonga tena. Mpaka kaka zake wanarudi kutoka uwanjani, kalamu ile ilikuwa imebaki fupi kama kifundo cha kidole changu, na ukurasa ulikuwa mweupe.

Na hapa ndipo tulipodanganyika, mimi na mama yake. Sisi tunajua kwamba mtoto anayekimbia masomo ni mvivu. Huyu alikuwa anakimbilia kazi! Ukitamka neno daftari, ameshaokota ufagio. Ua wetu ulifagiwa mara mbili kwa siku. Vyombo vilioshwa kabla hatujamaliza kula, ilibidi nikumbatie sahani yangu. Mama Paluku alikuwa akimsifu kwa majirani, "Mutoto wangu muke iko anajua kazi!" Kumbe tulikuwa tunamfungulia mlango wa kutokea, na tunampigia makofi akipita.

Halafu nilimchapa. Nakwambia wewe kwa sababu wewe hukunichapa hata siku moja na nimekuwa nikijivunia hilo mbele za watu. Nilitumia rula ile ndefu ninayokatia vitambaa. Hakulia. Alisema "Pardon, Baba," akakusanya vikombe akaenda kuviosha. Mimi ndiye niliyebaki pale na rula mkononi.

Siku mbili baadaye alikuja kibandani, akasimama mbele ya mashine, akaniambia, "Baba, munipeleke kwa shangazi, Ariwara. Kule nitauza viatu pamoja naye. Miye siko mutu ya masomo."

Ana miaka tisa, Baba.

Na sitakuficha: kwa juma zima niliwaza kumkubalia. Nilimpigia hata dada yetu wa Ariwara. Akasema nafasi ipo na msichana wa mikono myepesi anahitajika sana siku za soko. Nilijiambia kwamba si kila mtu ni wa shule, mimi mwenyewe si nilitoka shule nikashika mkasi? Nilikuwa nimechoka na aibu ya kuitwa. Mtu akichoka na aibu huona kila mlango ni mzuri.

Kilichonizuia ni suruali ya mwalimu. Ilichanika mshono wa nyuma akipanda pikipiki, akaja kwangu Jumamosi ya mvua, akajifunga kitenge nilichomwazima, akangoja. Mtu aliyejifunga kitenge hawezi kuwa mkali, wala hawezi kuondoka. Tukaongea.

Nikamwambia juu ya Ariwara. Akaniuliza, "Papa Madame, ile siku ya kwanza ulimuleta, unakumbuka ulisema nini?"

Nilikumbuka vizuri. Nilimshika mkono, mkoba wa Mama ukiwa begani kwake, ule wa ngozi uliomtumia mwaka jana, nikamwambia mwalimu mbele ya darasa zima: "Huyu tunamwita Madame. Iko na jina ya mama yangu, alifundisha miaka mingi kule Butembo. Utaona mwenyewe."

"Basi miye nikaona," akasema Ngabu. "Nikifikiri niko namupa heshima. Nikitoka inje, namwambia, Madame, simamia classe. Nikitaka mutu wa kwenda kuandika ku tableau, Madame. Siku moja nikamupa division, ile ya kugawanya na kushusha chiffre. Akakosea. Kosa ya batoto wote. Lakini wakacheka wakasema, Madame mwenyewe hajue! Na miye pia nilicheka kidogo, Papa. Kidogo tu. Tangu ile siku hajaandika."

Aliangalia matope nje. Akasema kwao, akiwa mdogo akichunga, alijua kwamba ndama ukimvuta kwa kamba anakaza miguu. Unapaswa kusimama karibu naye na kuangalia pengine. "Ile naijua kwa ngombe," akasema, "lakini mu classe nikaisahau."

Nilimmalizia suruali yake na sikumtoza. Akaenda, mvua ikaendelea, na mjukuu wako, aliyeniletea chakula baada ya hapo, akabaki nami kibandani kwa sababu hakuweza kurudi nyumbani. Sikumwambia neno juu ya daftari. Nilikuwa na mfuko mtupu wa simenti. Unakumbuka jinsi fundi wangu wa kwanza alivyonifundisha? Tulishona karatasi ya mfuko, bila uzi, sindano ikitoboa tu, mpaka mkono ujue kwenda. Nikachana kipande, nikamweka kwenye mashine, nikasema, "Jaribu." Akanyoosha mstari, ukaenda kama njia ya mlevi. Akajaribu tena, ukatoka nje ya karatasi kabisa. Akacheka. Miezi mingapi sijasikia kicheko kile! Akatoboa karatasi saba.

Halafu akaniuliza, "Baba, na ukikosea mu kitambaa ya mutu, unafanya nini?"

Nikamwonyesha. Nilikuwa na gauni la mwimbaji wa kwaya, mkono wa kulia nilikuwa nimeushona ndani nje. Mimi, fundi wa miaka kumi na tano. Nikachukua wembe, nikaanza kufumua, uzi mmoja mmoja. Aliangalia kama mtu anayeona mchawi.

"Weye unakoseaka?"

"Kila wiki."

"Koko Madame, mama yako, hakukosea."

"Nani alikwambia?"

"Koko, baba yako. Kila dimanche mu simu anasema. Koko Madame hakukosea hata siku moja." Akaendelea kuokota nyuzi chini, hakuniangalia. "Miye iko na jina yake. Kama siandike, hapana mutu atasema nimekosea."

Baba, niliacha wembe.

Nilimuuliza mkoba uko wapi, kwa sababu ghafla nilikumbuka kwamba siku nyingi anabeba madaftari yake kwenye mfuko wa plastiki. Akasema uko chini ya kitanda. Kwa nini? "Iko nzito." Tulipofika nyumbani niliuvuta. Ulikuwa mtupu. Hapakuwa na kitu ndani isipokuwa kile kipande cha chaki ya Mama ulichokikuta mfukoni mwake na hukutaka kukitoa.

Nilikaa na mkoba ule magotini nikawaza sana, na sitaki ufikiri nilikulaumu. Ninajilaumu mwenyewe zaidi. Alipozaliwa baada ya wavulana wawili, miezi michache tu baada ya kumzika Mama, wewe ulikuwa huongei. Ulikaa barazani kuanzia asubuhi. Tukakuletea mtoto, ukasema, "Madame amerudi," ukala chakula siku ile. Nani angebisha? Kwetu mtoto akipewa jina la mkubwa anaheshimiwa kama mkubwa mwenyewe, na mimi nilipenda kuliko wote. Akiwa na miaka mitatu nilikuwa namwambia, "Madame, naomba ruhusa ya kutoka," naye ananijibu, "Allez!" kwamba niende Tuliufanya mchezo mzuri. Hatukuona kwamba sisi tulikuwa tunacheza na yeye alikuwa anafanya kazi.

Jumatatu nilikwenda shuleni, nikakaa na Ngabu chini ya dirisha la ofisi, sote wawili tukiwa wapole kama watu waliovunja chungu cha jirani. Yeye alisema ataacha kumwita ubaoni mpaka mtoto mwenyewe ainue mkono, na atamwita Kahindo, jina lake la kuzaliwa, si Madame. Aliwaambia watoto kwamba ile division aliyokosea, yeye Ngabu aliikosea mwaka mzima alipokuwa mdogo, na kama wanataka kucheka waanze naye. Wakacheka, basi. Mimi niliomba jambo moja: asimpe mahesabu ishirini, ampe matano, na asiyasahihishe kwa bic nyekundu. Akafikiri. Akasema atatumia kalamu ya risasi kwa muda, ila hatampa points za bure, kwa maana mtoto mwenye akili atajua na hatamwamini tena. Nilimpenda kwa neno hilo.

Na mimi nilinunua daftari la bei ndogo, lenye karatasi za kijivu, nikaandika juu yake "Brouillon". Si ndilo watoto wote wanalo, daftari la kujaribia kabla ya kuandika safi? Wetu hakuwa nalo. Hatukuwahi kumnunulia. Tulidhani yeye ataandika safi moja kwa moja! Nikamwambia kwamba daftari hili kazi yake ni kuharibiwa, na likibaki safi nitamdai.

Sasa baada ya shule anapita kibandani. Anakaa kwenye benchi dogo upande wa kushoto wa mashine, anaandika, na mimi nafumua au nashona. Simwangalii. Hilo ndilo gumu, Baba, kuliko kushona suti. Shingo yangu inataka kugeuka yenyewe. Siku ya kwanza aliandika hesabu moja akaifuta, akaiandika tena, akaifuta mpaka karatasi ikatoboka, akanitazama aone nitasema nini. Nikamwonyesha kidole changu nilichojichoma sindano. Akaendelea.

Mama yake naye amejifunza. Juzi mtoto alipoukimbilia ufagio, Mama Paluku aliuchukua mkononi mwake akasema, "Ua itangojea. Weye unaogopa nini leo?" Akamjibu kwamba anaogopa kusoma maandishi ya Kifaransa kwa sauti. Basi mama yake akamwambia asomee mbuzi wa jirani kwanza. Akasoma. Mbuzi hakucheka. Nakwambia nyumba yetu imechafuka kidogo siku hizi na tunafurahi.

Usidhani mambo yamenyooka. Juma lililopita siku mbili nzima hakuandika, akaficha brouillon palepale nyuma ya gunia, na mimi nikapandisha sauti. Nilikuwa nimeanza, "Weye na ile jina unabeba..." nikameza maneno nusu njia. Alisikia lakini. Ilichukua siku nyingine mbili kurudi tulipokuwa.

Alhamisi ndiyo iliyonifanya nichukue karatasi hii. Alikuja akikimbia matopeni, viatu mkononi kama wateja wangu, akinipungia karatasi. Interro, mtihani mdogo wa mahesabu. Ngabu alikuwa amerudi kwenye bic nyekundu, kwa sababu hii ilikuwa ya bulletin, na alikuwa amemuuliza kwanza kama yuko tayari. Nne juu ya kumi. Makosa sita, yote yamezungushiwa duara nyekundu. Zamani ningeitupa karatasi ile. Yeye aliiweka juu ya sketi za buluu akaniambia, "Baba, ona! Aliniandikia points!"

Nne juu ya kumi, na nilikuwa naruka ndani ya kibanda kama mtu aliyepata mtoto wa kiume. Mteja mmoja aliniuliza kama ni ya kwanza darasani. Nikamwambia ni ya kwanza, basi. Simu ya Ariwara nimekwisha kupiga. Nimemwambia dada yetu atafute msichana mwingine.

Atapanda darasa au atarudia, bado hatujui. Imebaki miezi mitatu na mashimo ni mengi. Kama atarudia, atarudia akiwa anaandika. Hilo nimelikubali moyoni, ingawa lilinichukua muda.

Sasa nafika kwenye jambo ninaloliogopa.

Naomba usimwite Madame kwa sasa, Baba. Mwite Kahindo. Najua ninachokuomba. Najua kwamba ukisema "Madame!" kwenye simu na sauti ya msichana ikakujibu, kuna kitu kinakuinukia kifuani, na ninayekwambia ukiache ni mimi mtoto wako ninayekaa mbali na siwezi hata kukusaidia kuinuka kitini. Nisamehe. Ningekuwa na njia nyingine ningeitumia.

Kuna na la pili. Mama aliniambia jambo fulani. Ilikuwa mwaka ule nilioshindwa shule, tulikuwa tunakoboa maharage, na aliniapisha nisikwambie kwamba ninajua. Nafikiri sasa angeniruhusu. Aliniambia kwamba mkaguzi alipokuja darasani kwake mara ya kwanza, yeye hakuwamo. Alikuwa hajaandaa somo. Majuma matatu alikuwa hajaandika kitu kwenye daftari lake la maandalizi, kwa kuogopa kwamba ataandika vibaya. Aliposikia pikipiki ya mkaguzi alikimbia akajificha kwenye chumba cha madawati mabovu. Na ndani ya chumba kile kulikuwa na seremala kijana, aliyeitwa kutengeneza madawati, ambaye hakumuuliza anatafuta nini. Alimpa ubao akamwambia, "Shika hapa." Akapigilia misumari. Akampa ubao mwingine. Aliniambia kwamba walitengeneza madawati manne bila neno, na alipomaliza la nne ndipo alipoweza kusema, "Sijaandaa." Na yule seremala akamjibu, "Basi ingia, useme hivyo. Miye nitasimama ku mulango."

Ulisimama mlangoni na nyundo mkononi, alisema, mpaka mkaguzi akauliza wewe ni nani.

Alikuwa akicheka mpaka machozi, Mama, akinisimulia. Alisema mkaguzi alimpa alama mbaya kabisa, na kwamba siku ile ndipo alipoanza kuwa mwalimu, na ndipo alipojua ataolewa na wewe.

Baba, mimi sijamsimulia Kahindo. Si langu la kusimulia. Watu wote waliomjua Mama walimjua akiwa Madame tayari, na wanafunzi wake wazee bado wanamsifu. Wewe peke yako ulimwona akiwa amejificha. Hakuna mtu mwingine duniani anayeweza kuisimulia habari hiyo kama aliyeiona, na kuna mtoto hapa Bunia anayeihitaji kuliko viatu. Na ona, wewe ulijua dawa kabla ya mimi na Ngabu kuzaliwa: shika hapa, na mtu anayesimama mlangoni. Sisi imetugharimu mwaka wa shule kuigundua.

Huyu mzee wa kanisa atakupa na mfuko. Ndani yake kuna mkoba wa Mama. Haujachanika wala hatujaudharau. Nimeshona upya kamba yake na kuipaka mafuta ngozi. Nilimuuliza Kahindo kama anataka urudi kwako, akaniuliza kama utakasirika, nikasema sijui. Akafikiri siku nzima. Kisha akaweka kitu ndani akaufunga mwenyewe. Nimeangalia, nisamehe, mimi ni baba. Ameweka ile interro ya nne juu ya kumi. Chaki ameiacha palepale.

Utundike mkoba pale ulipokuwa zamani, nyuma ya mlango wa chumba chenu. Siku atakapouomba mwenyewe, utampa.

Nisalimie Masika, na umwambie nilijua atataka kuisoma barua hii, kwa hiyo namtuma atafute dawa ya goti. Nisalimie baba mdogo mwenye mbuzi, na mkewe anayetuombea bila kuchoka. Nisalimie mama mkwe wangu akipita hapo kutoka shambani; mwambie binti yake anakula vizuri, maneno hayo tu. Na yule mzee jirani, mwanafunzi wa Mama, anayesimulia kila mtu jinsi Mama alivyokuwa hakosei, msalimie sana, na kwa mara moja usimwitikie.

Jumapili ijayo simu itakuwa mezani kama kawaida, lakini nitaishusha sauti na kumpa mkononi, na mimi na mama yake tutatoka nje na wavulana. Nimemwambia tu kwamba Koko ana kitu cha kumweleza kuhusu madawati. Tangu jana ananiuliza madawati gani.

Mtoto wako anayekupenda,
Kakule, mshonaji wa Bunia